New York inaishindaje Dar kwa hewa ukaa, na viwanda vyake viko wapi?

Swali: Nafundisha jiografia kidato cha tatu, Mbagala. Tulikuwa kwenye mada ya mabadiliko ya tabianchi, mwanafunzi mmoja akauliza: Dar ina watu zaidi ya milioni 5, New York wanazidi kidogo milioni 8. Mbona wenzetu wanatoa hewa ukaa nyingi kiasi kile? Nikajibu, "Kwa sababu ya viwanda," kengele ikagonga, nikamshukuru Mungu. Lakini jibu lenyewe halikunikaa. Mwingine alidai Dar ikifika watu milioni 10, hewa ukaa yake nayo itakuwa mara mbili. Ni nini hasa kinachoamua jiji litoe hewa ukaa kiasi gani kutokana na nishati linayotumia?

Jibu: Mwalimu, kengele ilikuokoa siku ile, ila huyo mwanafunzi atarudi tu. Nikuandae.

Jibu la viwanda wengi hulitoa, na hata mimi nililiamini nilipoanza kazi hii ya uhandisi wa nishati. Kwa New York ya leo halina mashiko. Karibu thuluthi mbili ya gesi joto (hewa ukaa na nyinginezo zinazopasha dunia joto) zinazohesabiwa pale zinatokana na majengo: nyumba za watu, ofisi, hoteli, hospitali, shule. Sehemu kubwa ya inayobaki ni magari. Wakati wa baridi kali kila jengo lazima lipashwe moto, na mengi yana boila chini ya ghorofa, mitambo ya kuchemsha maji inayochoma gesi au mafuta usiku na mchana. Katikati ya Manhattan kuna mtandao wa mabomba ya mvuke uliozikwa chini ya barabara tangu 1882. Ule mvuke mweupe ambao wanafunzi wako wameuona kwenye filamu ukifuka kutoka kwenye mifuniko ya barabarani unatokana kwa sehemu na mabomba hayo. Kiangazi kikija, boila zinapumzika na viyoyozi vinaanza zamu. Ndiyo maana mwaka 2019 jiji lilipitisha sheria inayoyawekea majengo makubwa, yanayozidi mita za mraba 2,300 hivi, kiwango cha juu cha hewa ukaa kuanzia 2024, na mwenye jengo akikizidi anatozwa faini. Walengwa ni wenye majumba ya kupangisha na maofisa wa mabenki walioko ghorofa ya 40.

Viwanda vya miji mikubwa vingi vilishahama, ardhi ilipopanda bei na watu walipochoka na moshi. Beijing ilikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, Shougang, ndani ya jiji lenyewe. Kuelekea Olimpiki ya 2008 kikaanza kuhamishiwa mkoa wa jirani wa Hebei, na mwaka 2017 jiji likazima mtambo wake mkubwa wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe. Hesabu ya jiji ilipungua, na hewa yake ikawa nafuu kweli. Ila chuma bado kinayeyushwa, umbali wa safari ya gari tu, kwenye hesabu ya mtu mwingine. Ukisikia jiji linajisifu kwamba limepunguza hewa ukaa, uliza kwanza mpaka wa hesabu umechorwa wapi. Nitalirudia hili tukifika kwenye mkaa, maana huko ndiko linakouma.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mtaalamu wa nishati wa Kijapani, Yoichi Kaya, alilipanga jambo hili kwa namna ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuiandika kwenye mstari mmoja. Hewa ukaa ni idadi ya watu, mara kipato cha kila mtu, mara nishati inayotumika kupata kila shilingi ya kipato hicho, mara kaboni iliyomo kwenye kila kipimo cha nishati. Vitu vinne, na vyote vinazidishwa. Kuzidisha si kujumlisha: kimoja kikikaribia sifuri, jibu zima linakwenda huko hata vingine vitatu vikiwa vikubwa. Na viwili vikipanda mara mbili kila kimoja, jibu linapanda mara nne.

Kwa hiyo yule wa milioni 10 amepatia nusu. Watu wakiongezeka mara mbili, hewa ukaa itakuwa mara mbili iwapo vile vitatu vingine vitasimama palepale. Havijawahi kusimama, popote pale. Dar ilihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Lakini katika miaka hiyo kumi pia watu wameingiza magari, wameweka AC, wamebadili majiko, na umeme wenyewe umebadilisha chanzo. Idadi ya watu ndicho kipengele kinachotajwa kwanza kwenye vikao kwa sababu ni rahisi kukiona, hasa ukiwa umesimama Kariakoo saa tano asubuhi. Kwa maoni yangu, kati ya vinne hivyo, ndicho chenye maelezo machache kuliko vyote kuhusu tofauti ya jiji na jiji.

Tujaribu kwa kalamu. Mmarekani wa kawaida anahesabiwa tani 14 hivi za hewa ukaa kwa mwaka zitokanazo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mtanzania wa kawaida, kama robo tani. Mkazi wa New York anafika kama tani 6 za gesi joto. Mkazi wa Dar yuko juu ya wastani wa taifa, maana magari na maofisi yako huku. Nikimkadiria mara mbili ya wastani, ni nusu tani. Zidisha kwa watu wote wa Dar, unapata chini ya tani milioni 3, bila mkaa. New York inazidi tani milioni 50. Watu hawajafika hata mara mbili, hewa ukaa ni kama mara kumi na nane. Sehemu kubwa ya pengo hilo imetoka kwenye vipengele vingine vitatu.

Ngoja nianze na cha nne, kaboni iliyomo kwenye nishati, maana watu hukisahau kwa kuwa hakionekani nyumbani.

Mtu wa London akichemsha maji ya chai kwenye birika la umeme leo, anatumia umeme uleule aliotumia 2012. Birika ni lilelile, chai ni ileile. Lakini mwaka 2012 uniti moja ya umeme wa Uingereza ilibeba karibu nusu kilo ya hewa ukaa, kwa sababu kama theluthi moja na zaidi ya umeme ilitoka kwenye makaa ya mawe. Mtambo wao wa mwisho wa makaa ya mawe ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024, upepo wa baharini umechukua nafasi, na uniti hiyo sasa inabeba kama robo tu ya ile ya mwanzo. Mwenye birika hakufanya lolote. Hana habari.

Huku kwetu tofauti ni kubwa zaidi, tena kati ya majirani. Washa pasi Nairobi: karibu sehemu 9 kati ya 10 za umeme wa Kenya ni jotoardhi ya Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua, kwa hiyo uniti ina gramu mia moja hivi za hewa ukaa, au pungufu. Ipeleke pasi hiyo Johannesburg, ambako zaidi ya asilimia 80 ya umeme ni wa makaa ya mawe, na uniti ileile inabeba takriban kilo nzima. Nguo zinanyooka vilevile.

Dar imekuwa katikati, na inasogea. Gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, bomba la kutoka Mtwara likakamilika 2015, Kinyerezi ikaongezeka, na kwa muda mrefu zaidi ya nusu ya umeme wetu ulikuwa wa gesi asilia. Mtambo wa gesi hutoa nusu kilo hivi kwa uniti, mzuri zaidi hutoa chini ya hapo. Halafu likaja Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza ukaingia kwenye gridi mapema 2024. Friji ya Mbagala ikawa safi zaidi bila mwenye friji kuambiwa. Wanafunzi wako hapa waulize swali la mtego: mitambo ya Kinyerezi iko ndani ya jiji, lakini umeme wake unaingia gridi ya taifa na kuwasha taa Mwanza na Arusha. Hewa ukaa hiyo ni ya nani? Wataalamu wa hesabu za miji huiandika kwa wanaoutumia umeme, na kile kinachotokea kwenye mtambo hukiandika pembeni ili kisihesabiwe mara mbili. Nimewaona watu wazima wenye digrii wakibishania hili mpaka chai ikapoa.

Umeme wa maji nao una siku zake. Ukame wa 2006 na wa 2011 ulituletea mgao wa umeme ambao wenye umri wangu hawajausahau, na kila duka likatoa jenereta mlangoni. Jenereta ndogo ya dizeli inatoa karibu gramu 800 kwa uniti, yaani mbaya kuliko mtambo wa gesi, sembuse maji yaliyokauka. Umeme usiotegemeka ni chanzo cha hewa ukaa kinachojitegemea. Lagos wanalijua hili kuliko sisi.

Sasa mkaa. Hapa naomba uvumilie, maana ndipo Dar inapotofautiana kabisa na miji iliyomo kwenye vitabu vya kiada.

Kati ya 2001 na 2007, kwa takwimu za utafiti wa Benki ya Dunia, kaya za Dar zinazopikia mkaa kama nishati kuu zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Kupanda huko kulitokea jiji likikua na kipato kikipanda, kinyume kabisa na ile ngazi wanayofundishwa wanafunzi, kwamba watu wakipata hela wanaacha kuni, wanaacha mkaa, wanaingia gesi. Mafuta ya taa na gesi vilipanda bei, mkaa ukawa unapatikana kila kona, tena kwa kopo, kwa mwenye shilingi chache za siku hiyo tu. Mtungi wa gesi unadai hela ya mkupuo. Mama anayeuza vitumbua hapati mshahara wa mwisho wa mwezi. Jiji likanunua karibu nusu ya mkaa wote wa nchi.

Kilo moja ya mkaa ikiungua jikoni inatoa karibu kilo 3 za hewa ukaa. Lakini hiyo ni mkia wa hadithi. Mchoma mkaa wa Kilosa au Handeni, kwa tanuri la udongo la kienyeji, anahitaji kilo 6 mpaka 10 za kuni apate kilo moja ya mkaa. Kaboni ya kuni zile nyingine inakwenda wapi? Inapanda angani palepale porini, nyingine ikiwa katika umbo la methani, gesi inayopasha dunia joto kwa ukali zaidi kuliko hewa ukaa. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kaboni ya wali wa Temeke imetoka kabla gunia halijafungwa lumbesa na kupakiwa kwenye fuso. Na kwa kuwa tanuri liko nje ya mpaka wa jiji, kwenye hesabu za Dar halionekani. Ndiyo Shougang ya kwetu.

Halafu kuna ubishi wa pili. Kanuni za kimataifa za hesabu zinasema moshi wa kuni na mkaa uandikwe kando, usijumlishwe na wa mafuta, kwa hoja kwamba mti ukiota tena utaifyonza kaboni ile. Hoja ni sahihi pale mti unapoota. Msitu wa miombo ukikatwa na kuachwa, visiki vyake huchipua vizuri sana, nimeviona. Ukikatwa na baadaye kulimwa ufuta, hauchipui. Kwa hiyo gunia mbili za mkaa zilizosimama bega kwa bega pale sokoni zinaweza kuwa na hewa ukaa tofauti kabisa, na hakuna mnunuzi anayeweza kuzitofautisha kwa macho.

Ndipo ninapogombana na baadhi ya wanamazingira wanaosema tusihamie gesi ya mtungi kwa sababu ni mafuta ya visukuku. Piga hesabu. Familia inayomaliza mtungi wa kilo 15 kwa mwezi inatoa kama kilo 45 za hewa ukaa, maana kila kilo ya gesi hutoa kilo 3 hivi. Familia hiyohiyo kwa jiko la kawaida la mkaa ingehitaji kilo 50 hivi za mkaa kupika vyakula vilevile, kwa kuwa joto jingi la jiko la mkaa linapotea pembeni. Hizo ni kilo 150 jikoni, bado porini. Gesi inashinda hata ukiupunguzia mkaa nusu ya lawama. Na sufuria ya presha ya umeme inaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, kwa umeme ambao sasa sehemu kubwa ni maji ya Rufiji. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwisho wake. Sitabashiri kama tutafika. Ninachoweza kusema ni kwamba katika Dar hakuna badiliko jingine moja la nyumbani lenye ukubwa huo.

Wenzetu wa Lubumbashi na Goma wanatufundisha kitu hapa. Kongo karibu umeme wake wote ni wa maji, kaboni yake ni kama hakuna. Lakini umeme huo hauwafikii wengi, na ukifika haukai, kwa hiyo chungu kiko juu ya makala, yaani mkaa kwa Kiswahili chao, kutoka misitu ya miombo kwa Lubumbashi na pembezoni mwa hifadhi ya Virunga kwa Goma. Gridi safi isiyofika jikoni haihesabiki kuwa ya jiji.

Usafiri nitaupitia kwa mfano mmoja unaoweza kuuandika ubaoni. Lita ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa ukaa, ya dizeli kilo 2.7. Chukua gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita, ndani yuko dereva peke yake: gramu 230 kwa kilomita. Chukua Coaster ya daladala inayokwenda kilomita 5 kwa lita ikiwa na abiria 30: gramu 540, gawanya kwa 30, kila mmoja gramu 18. Daladala ile inayofuka moshi mweusi, ambayo mwenye gari anaifungia kioo, ina mtu mwenye hewa ukaa ndogo karibu mara kumi na tatu kuliko yeye. (Moshi mweusi una madhara yake kwa mapafu, hilo ni somo jingine, usimruhusu mwanafunzi achanganye.) Mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni, ulioanza Mei 2016, unapunguza zaidi kwa kuwa hausimami kwenye foleni. Na mwanafunzi wako anayetembea kwa miguu kuja shule ni sifuri.

Lakini aina ya gari haitoshi bila kutazama umbali. Mwaka 1989 Waaustralia wawili, Peter Newman na Jeffrey Kenworthy, waliilinganisha miji 32 na kuonyesha kwamba kadiri watu wanavyokaa kwa kutawanyika ndivyo petroli kwa kila mtu inavyopanda. Mfano unaopendwa ni Atlanta na Barcelona: mwaka 1990 zilikuwa na watu wanaokaribiana, milioni 2.5 na 2.8, lakini Barcelona ilikaa kwenye kilomita za mraba 162 na Atlanta kwenye 4,280. Hewa ukaa ya usafiri kwa mtu wa Atlanta ni karibu mara kumi ya mwenzake. Hapo pia ndipo unapopata jibu la kwa nini mtu wa New York, na utajiri wake wote, ana chini ya nusu ya Mmarekani wa kawaida: anaishi kwenye chumba kidogo kinachopakana na vyumba vingine pande zote, na anapanda treni ya chini ya ardhi ambayo imekuwepo tangu 1904.

Sasa itazame Dar kwenye ramani. Imetambaa kama vidole vya mkono: Barabara ya Bagamoyo, Morogoro, Nyerere, Kilwa. Kazi ziko Posta na Kariakoo, viwanja vya bei nafuu viko Chanika, Bunju, Kibamba, Kigamboni ndani kabisa. Mtu ananunua kiwanja, anainua msingi, anahamia kabla ya kupiga plasta, na kuanzia siku hiyo safari yake ya kila siku ni kilomita 30 kwenda na 30 kurudi kwa miaka thelathini ijayo. Leo anapanda daladala. Akipata hela atanunua Vitz. Jiji linalojengwa hivyo limeshaamua matumizi yake ya mafuta ya mwaka 2050, hata kama leo hesabu zake zinaonekana za malaika. Ndilo linaloniogopesha kuliko mkaa. Mkaa unaweza kuhamwa ndani ya miaka kumi. Barabara na mipaka ya viwanja havihami.

Msongamano peke yake usitukuzwe lakini. Manzese pana msongamano mkubwa na hewa ukaa ndogo, na sababu ya kwanza ni umaskini. Hewa ukaa ndogo ya Dar kwa ujumla ni hivyo hivyo. Wanafunzi wako wasiichukue kama medali.

Hilo linatuleta kwenye kipato, majengo ya kwetu, na kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi niliitwa kukagua umeme wa jengo moja la ofisi katikati ya mji, bili ilikuwa inawaumiza. Nilihesabu taa siku mbili nzima, nikaandika ripoti ya kurasa nyingi kuhusu balbu. Mhudumu wa chai ndiye aliyeniuliza kwa nini sijaandika kuhusu baridi. Nikatazama: Februari, nje jua linachoma, ndani kiyoyozi kimewekwa 18 na makarani wamevaa sweta. Kuta za nje zilikuwa vioo vitupu vinavyotazama magharibi. Jengo lilikuwa linakusanya jua kwa mkono mmoja na kulitupa nje kwa umeme kwa mkono mwingine.

Feni ya darini inakula wati 60 hivi. AC ya BTU 12,000 inakula kama wati 1,000. Hapo ndipo kipato kinapogeuka kuwa hewa ukaa kwenye mji wa joto: kaya ikishapata uwezo, kitu kikubwa cha kwanza baada ya friji ni AC, na kaya zinazofika hapo zinafika kwa maelfu kwa wakati mmoja. Ukitaka kuona mwisho wa njia hiyo, waulize wenye ndugu Muscat. Kiyoyozi hakizimwi kuanzia Aprili hadi Oktoba, maji ya bomba yenyewe yametolewa chumvi kwa nishati, na karibu umeme wote unatokana na gesi asilia. Muomani hana tabia mbaya kutuzidi. Ana joto, ana hela, na gesi iko chini ya miguu yake. Wazee waliojenga Mji Mkongwe walikuwa na joto bila umeme, wakaweka kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu, na vichochoro vyembamba ambavyo nyumba moja inaitilia nyingine kivuli. Sisi tukipata hela tunajenga kioo.

Kipato kina tabia moja zaidi ambayo ramani haionyeshi: kinapunguza idadi ya watu kwa nyumba. Nyumba ya watu sita ina friji moja. Wale sita wakipangisha kila mtu kwake, ni friji sita, majiko sita, taa sita za barazani. Jiji linaweza kusimama palepale kwa idadi ya watu na bado nishati ikapanda.

Dampo la Pugu Kinyamwezi na methani yake nimeliacha makusudi, kwa kuwa umeuliza nishati. Saruji ya Wazo Hill nayo, nusu na zaidi ya hewa ukaa yake haitokani na nishati, ni kemia ya mawe ya chokaa yanapochomwa; mwalimu wa kemia atafurahi ukimkaribisha kipindi.

Kwa kazi ya darasa, kila mwanafunzi aandike kwa wiki moja vitu vinne vya nyumbani kwao: uniti za LUKU zilizotumika, kilo za mkaa au gesi, nauli na umbali wa kila anayekwenda kazini, na idadi ya watu wanaolala pale. Uniti zizidishwe kwa 0.3, makadirio yangu, ya juu kidogo, kwa mchanganyiko wa sasa wa gesi na maji. Mkaa na gesi kwa 3. Kilomita za daladala kwa 0.018, za gari la mtu mmoja kwa 0.23. Jumla igawanywe kwa watu wa nyumba, kisha mpange majibu ubaoni kuanzia dogo hadi kubwa bila kutaja majina. Mtakuta darasa moja la Mbagala lina nyumba zinazopishana mara nyingi, zote kwenye mtaa mmoja na hali ya hewa moja. Ila mkaa waupime kwa mizani ya duka, wasihesabu makopo. Kopo la genge moja na kopo la genge la ng'ambo ya barabara hayajawahi kulingana.